Inuka, Watoe Watoto Nje!

Shule zimefungwa. Watoto wako nyumbani.

Na wewe uko wapi?

Uko barazani chini ya mwarobaini, kikombe cha chai mkononi, unajadili siasa za Nairobi na watu wale wale uliojadiliana nao jana na juzi. Au uko dukani nyuma ya kaunta, unahesabu chenji. Au uko sebuleni, feni inazunguka, kidole kinapanda na kushuka kwenye simu. Mwanao amekaa hatua mbili kutoka ulipo, naye ana simu yake. Mmekaa chumba kimoja tangu asubuhi na hamjasemezana maneno kumi.

Hiyo ndiyo likizo?

Hiyo ndiyo likizo unayotaka aikumbuke akifika umri wako?

Najua utakalosema. Nalisikia kabla hujafungua mdomo. "Garissa kuna nini? Pa kupeleka watoto ni wapi? Mombasa wana bahari. Nairobi wana mabembea na mabwawa ya kuogelea. Sisi tuna joto, vumbi na mbuzi."

Hakuna pa kupeleka watoto?

Hebu simama. Geuza uso kusini. Kama kilomita 5 kutoka mjini, kwenye hifadhi ya jamii ya Bour-Algi, kuna twiga. Twiga wazima, wanaotembea huru, wanaonyofoa majani ya mgunga katikati ya miiba, wanaokutazama kutoka juu kisha wanaendelea kutafuna kwa sababu hawana haja nawe. Ni twiga wa kaskazini mwa Kenya, wenye madoa ya kahawia yaliyogawanywa kwa mistari myeupe. Aina hii imebaki hasa upande huu wa Kenya, na tangu 2018 imeorodheshwa kimataifa kuwa iko hatarini kutoweka. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya, wanalala angani usiku kucha, ili waje wawaone.

Wewe unahitaji nauli ya tuktuk.

Nauli ya tuktuk!

Na bado hujaenda.

Mwanao anakutajia kikosi kizima cha Arsenal, hadi wachezaji wa akiba, na hajawahi kumwona twiga aliye jirani yake. Hajui kwamba shingo ile ndefu ina mifupa saba tu, sawa na shingo yake mwenyewe. Hajui kwamba ndama wa twiga akizaliwa tayari anakuzidi wewe kimo, au anakaribia. Nani wa kulaumiwa hapo? Kaunti? Serikali? Mwalimu?

Wewe.

Sasa sikiliza habari za wenzako. Mwaka 1936 Ufaransa ilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Watu wa viwandani, ambao wengi wao hawakuwa wamezoea likizo, walipakia watoto kwenye baiskeli na magarimoshi wakatoka mjini. Baadaye, mwaka 1955, wenye nyumba za mashambani wakaunda shirikisho liitwalo Gîtes de France, kukodishia familia vyumba vijijini. Hadi leo watu wa Paris na London wanatumia akiba zao kwenda kukaa huko.

Wanalipia nini hasa?

Wanalipa ili watoto wao walishe mbuzi. Waone mnyama akikamuliwa na wanywe maziwa yake. Watembee kwenye soko la kijiji. Wakae kando ya mto. Wachume matunda mtini. Na usiku watoke nje wahesabu nyota, kwa sababu mjini kwao taa zimezifunika.

Soma orodha hiyo tena. Mbuzi. Maziwa. Soko. Mto. Matunda. Nyota.

Kipi hapo huna?

Kipi?

Vyote unavyo mlangoni. Mwenzako anavuka bahari kuvitafuta, wewe unavuka barabara kuvikimbia.

Anza na mto. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi Bahari ya Hindi. Unapita hapa hapa, unautenganisha mji wako na Madogo, na ukivuka daraja umeingia kaunti nyingine. Umewahi kumsimamisha mwanao mahali salama kando ya maji hayo ukamwambia yametoka wapi na yanakwenda wapi? Umewahi kumwonyesha kwamba ramani ya kitabu chake cha darasani inapita chini ya miguu yake?

Kando ya mto kuna mashamba. Maembe, ndizi, matikiti, nyanya, malimau. Injini za maji zinanguruma, mifereji inajaa, na katikati ya nchi kavu mtoto anakanyaga udongo mbichi. Ongea na mkulima mmoja. Mlipe kidogo. Mwombe watoto wachume embe zao wenyewe. Mwombe awaeleze kwa nini mfereji huu unafunguliwa asubuhi na ule jioni. Kuna Wamunyoyaya, Wamalakote na Wapokomo ambao babu zao wameishi na mto huu kwa kulima na kuvua. Mwanao anaweza kujifunza kwao kwa saa mbili kile ambacho hatakipata kwenye video mia.

Lakini mto una wenyewe. Mna mamba, mna viboko. Hakuna kuoga, hakuna kutia miguu majini, hakuna kumwacha mtoto aende peke yake "hapo tu". Na mto ukifura, kaa mbali. Aprili 2024 mashua ilizama Kona Punda wakati wa mafuriko na watu wakapoteza maisha. Ujasiri bila akili ni upumbavu. Mzazi anayetoka na watoto ndiye mlinzi wao wa kwanza.

Sasa soko. Garissa ina moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wanatoka mbali kulijia, malori yanajaa ng'ombe wa kupelekwa Nairobi na Mombasa, na wewe unalipita ukiziba pua.

Mpeleke mwanao siku ya soko. Msimamishe kando, mahali ambapo hatakanyagwa. Mwonyeshe dalali. Mwonyeshe jinsi anavyoushika mkono wa mnunuzi chini ya nguo na kupanga bei kwa vidole, kimya kimya, ili aliyesimama karibu asijue nani ametoa ngapi. Mwonyeshe mzee anayemfungua mbuzi mdomo kukagua meno, kisha anataja umri wake. Halafu mpe kazi: "Ng'ombe yule utamnunua kwa ngapi? Ukimsafirisha Nairobi, nauli kiasi hiki, faida itabaki ngapi?"

Hapo ndipo hesabu inapopata pembe na mkia.

Unalalamika kwamba mtoto hapendi hesabu. Umempeleka mahali hesabu inapoishi?

Haya, maziwa. Una mjomba mwenye ngamia. Huna? Rafiki yako anaye. Piga simu moja. Moja tu. Kisha mfikishe mwanao malishoni mapema, kabla jua halijakasirika, amtazame mkamuaji akifanya kazi.

Kwanza ndama anaachwa anyonye kidogo ili mama yake ashushe maziwa. Kisha mkamuaji anasimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ameukunja, wayo umeegemea goti, na chombo kimekaa juu ya paja lililokunjwa. Mikono yote miwili inakamua. Hayumbi. Povu linapanda, linafika ukingoni, naye bado amesimama kwa mguu mmoja akimbembeleza ngamia kwa sauti ya chini.

Mwambie mwanao ajaribu kusimama hivyo kwa dakika moja. Bila chombo. Bila ngamia.

Ataanguka. Mtacheka. Atajaribu tena. Na usiku huo atakuuliza, "Mjomba amejifunzaje?" Swali hilo moja ni kubwa kuliko mtihani wake wa muhula mzima. Halafu mpe maziwa yale kwenye chombo kilichofukizwa moshi, ayaonje, akunje uso, aombe mengine.

Baki na usiku wenyewe. Toka nje ya taa za mji, kwa ndugu mwenye boma. Tandika mkeka. Fungua kopo la nyama ya nyirinyiri, mimina chai ya maziwa, kisha mwachie ayeyo, bibi wa mtoto, nafasi. Ayeyo ana hazina kichwani. Anajua habari za Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu. Anajua habari za Malkia Arawelo aliyewatetemesha wanaume. Anajua visa vya Igal Shidaad, mwoga aliyeogopa hadi gogo la mti. Anajua vitendawili ambavyo wewe mwenyewe uliwahi kuvitegua ukiwa mdogo.

Nani atawasimulia wajukuu akishaondoka?

Wewe? Umesahau nusu yake!

Basi mpeleke mtoto kwa ayeyo angali na sauti. Kaa chini, sikiliza nawe. Simu ziwekwe mfukoni, yako ikiwa ya kwanza.

Unatikisa kichwa. Una visingizio vingine. Vilete vyote, tuvimalize leo.

"Sina pesa." Pesa za miraa za alasiri moja zinatosha nauli, maji na mkate wa watoto watatu. Ulizipata jana. Utazipata kesho. Tatizo lako si mfuko. Tatizo lako ni nani unamweka wa kwanza.

"Joto ni kali." Ni kali, nani amekataa? Ndiyo maana wanyama wana akili kukuzidi: wanatembea alfajiri na jioni. Toka ukimaliza sala ya alfajiri, urudi jua likianza kuuma. Au ngoja baada ya alasiri. Beba maji mengi kuliko unavyodhani mtahitaji. Wavishe watoto kofia. Joto halijawahi kumzuia mchungaji wa miaka 10 kutembea na mbuzi siku nzima, linakuzuiaje wewe kwa saa mbili?

"Sina muda." Huna muda? Saa ulizokaa barazani wiki hii zilitoka wapi? Duksi ya Kurani ina siku yake ya mapumziko, shule ina likizo ya Aprili, ya Agosti na ya mwisho wa mwaka. Kalenda imekufungulia mlango mara tatu. Wewe ndiye unayeusukuma ujifunge.

"Usalama." Hili nalijibu kwa heshima. Garissa imelia. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa na magaidi katika chuo kikuu cha hapa, na hakuna anayesahau. Hofu yako ina sababu. Kwa hiyo uliza. Uliza chifu, uliza askari, uliza walinzi wa hifadhi, uliza wenyeji wa njia unayotaka kupita. Usiende msitu wa Boni wala mpakani mwa Somalia kwa kubahatisha. Tembea mchana, na mtu aachwe nyumbani anayejua mlipokwenda. Lakini usitumie Boni kama sababu ya kutokwenda Bour-Algi. Usitumie mpaka wa mbali kama sababu ya kutovuka barabara. Tahadhari inakuambia upite njia ipi. Hofu inakuambia ulale.

Ulale hadi lini?

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo pana uchungu.

Mwaka 2017 dunia ilipigwa na butwaa kwa video ya twiga jike mweupe na mtoto wake, weupe wa maziwa, kule Ishaqbini, ndani ya kaunti hii hii ya Garissa. Watu wa mabara yote waliwatazama kwenye simu. Na hapa Garissa, bila shaka, kuna baba aliyemwambia mwanawe, "Siku moja tutakwenda kuwaona."

Siku moja.

Machi 2020 hifadhi ilitangaza kwamba mama yule na ndama aliyekuwa naye wakati huo wameuawa na majangili. Ilipatikana mifupa. Akabaki dume mmoja mweupe, peke yake, na Novemba mwaka huo akafungwa kifaa cha satelaiti ili walinzi wajue aliko.

Desemba 2021 ukame uliuma kaskazini yote. Huko Sabuli, Wajir, twiga sita walikwama kwenye tope la bwawa lililokuwa likikauka, wakafa pamoja. Picha yao ilizunguka dunia.

Na hirola? Asili ya swala yule wa macho manne ni ukanda huu wa Kenya na Somalia tu, si kwingine duniani. Zamani walihesabiwa kwa maelfu. Leo hawafiki 500. Hifadhi ya Arawale ilitengwa kwa ajili yake mwaka 1974. Ishaqbini wakamjengea eneo lenye uzio mwaka 2012. Watu wanapambana usiku na mchana mnyama huyu asiishe.

Na mwanao hajui hata jina lake.

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Wahenga hawakuwa wakitania. Twiga hawakungoji. Ayeyo hakungoji. Na mtoto, huyo ndiye asiyengoja kabisa. Leo ana miaka 7, anakushika mkono mbele za watu. Akifika 15 atauficha mkono huo mfukoni. Akifika 20 atakuwa Nairobi, au Doha, au Minneapolis, na wewe utakuwa unampigia simu kumwomba aje nyumbani. Atakuja nyumbani kufanya nini, ikiwa nyumbani hukumwonyesha chochote?

Sasa geuza upande wa pili wa jambo hili. Hujui mwanao amebeba nini.

Hujui!

Abdullahi Hussein Ali ni mwana wa eneo hili, wa jamii ya wafugaji. Alimchagua hirola, mnyama ambaye wengi walishamkatia tamaa. Akasoma hadi shahada ya uzamivu Marekani, akarudi, akaanzisha mpango wa kumwokoa hirola, na mwaka 2020 akapewa Tuzo ya Whitley, mojawapo ya tuzo kubwa za uhifadhi duniani. Hakuhitaji kuzaliwa Paris. Alihitaji kuiona nchi yake na kuamini kwamba ina thamani.

Nani amekuambia mwanao si wa namna hiyo? Nani amekuambia binti yako hatakuwa daktari wa mifugo, mhandisi wa mifereji, mwandishi wa visa vya Dhegdheer? Huwezi kuamsha kipaji kwa kukifungia chumbani na chaja. Mtoto anaamka anapoguswa na kitu: anaposhtuka, anapouliza, anapochoka kwa kutembea, anaporudi na miiba kwenye kandambili na mdomo usionyamaza njia nzima.

Na wewe je? Ndani yako kuna mwalimu amelala. Kuna msimuliaji amelala. Kuna baba anayechekesha, kuna mama aliyekuwa akiruka kamba kuliko wasichana wote wa mtaa. Amekwenda wapi? Umemfukia chini ya madeni, vikao na uchovu.

Mfukue.

Wewe mama unayesema hii ni kazi ya baba: chukua watoto, chukua jirani yako na wake, nendeni. Wewe mtumishi uliyehamishiwa Garissa na kuhesabu siku za kuondoka: walete watoto wako likizo ijayo, wakae, waone, kabla hujaondoka na malalamiko matupu. Wewe wa Eastleigh ambaye watoto wako wanamjua ngamia kwa sambusa tu: barabara ya Thika na Mwingi ni lami, basi linaondoka kila siku, na huku wana jamaa wanaowangoja.

Ukishazoea karibu, nenda mbali. Wajir kuna makumbusho, kuna visima vya Orahey, na kuna jengo la klabu ambayo maofisa wa Kiingereza waliiita klabu ya mashua katikati ya jangwa lisilo na bahari. Watoto watacheka mbavu ziume. Ng'ambo ya Tana iko Kora, ambako George Adamson aliishi na simba wake hadi alipouawa mwaka 1989. Ishaqbini iko kusini, na hirola wake. Hayo ni ya mwaka huu na ujao, kwa mipango na kwa kuuliza njia.

Lakini usianze na mbali. Mbali ndiko visingizio vinakopenda kujificha. "Tutakwenda Mombasa Mungu akijalia," unasema, halafu unalala miaka mitano.

Anza karibu. Anza kidogo. Anza sasa.

Usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi. Usingoje gari. Usingoje kaunti iweke mabembea. Usingoje mtoto aombe, maana hawezi kuomba asichojua kipo.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya mambo matatu. Waambie watoto siku na saa. Mpigie mwenye tuktuk. Jaza maji kwenye madumu. Ukishawaambia watoto huna njia ya kurudi nyuma, watakuamsha wao.

Na wakikuamsha, usijifunike shuka.

Inuka! Vaa viatu! Mdogo mpakate, mkubwa mpe dumu la maji abebe. Twiga wako Bour-Algi, embe ziko shambani, mjomba yuko malishoni na ayeyo yuko nyumbani. Kilichokosekana siku zote hizi ni wewe.

Twende!